Pijo Imeenda Kimanagan

Cherop, mwanangu,

Najua umepita bandani kabla ya kuingia nyumbani, kwa sababu ndivyo unavyofanya kila siku, na umeona hakuna kitu. Gari halijaibwa. Usimpigie chifu simu. Keti kwanza, mimina chai iliyo kwenye themosi, ndipo uendelee kusoma. Shangazi yako Chebet anajua kila kitu, lakini nimemkataza kukueleza, kwa hivyo usimsumbue bure.

Nilianza kuandika mara tu ulipoondoka kwenda Sosiot, na nimeendelea kwa vipande hadi mvua hii ya jioni. Ukiona herufi zimeanza kulala, ujue hapo ndipo nilipopumzika. Nilikuwa mkaguzi wa shule miaka mingi, nikawakosoa walimu wengi kwa mwandiko mbaya. Kama kuna mmoja wao aliye hai, mwonyeshe karatasi hii afurahi.

Sitakuambia ubebe nini wala ule nini kule Mombasa. Umekuwa mtu mzima siku nyingi. Nitakuambia habari za magari, kwa maana hayo ndiyo mazungumzo ambayo mimi na wewe hatujawahi kukosana ndani yake, na ndani ya habari hizo kuna mambo ambayo sitaki kuondoka nayo.

Juzi jikoni ulisema, "Mama, nitawaomba wanipe muda kidogo. Siwezi kuacha Pijo hivi. Breki za nyuma bado, viti bado, milango haijafungwa vizuri."

Nikakuuliza, "Breki zitachukua muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Ukachukua kitambaa ukaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Sote wawili tulijua inategemea nini. Inategemea mimi nitakufa lini.

Kazi hiyo ya Mombasa haitangoja, Cherop. Wanataka mtu wa kusimama bandarini na kukagua magari ya mkono wa pili yanaposhuka melini, kabla hayajamfikia mnunuzi asiyejua kitu. Waliwaita watu wengi kwenye mahojiano na wakakuchukua wewe, msichana wa Belgut aliyejifunzia chini ya gari la mama yake. Mimi sikushangaa. Nilishangaa siku ile tulipokwenda na mjomba wako Kiprono pale Kericho mjini kumnunulia gari. Yeye alikuwa ameshapenda rangi. Mimi mwenyewe, na ujuzi wangu wote, nilikuwa nimeshaanza kupenda rangi.

Muuzaji akasema, "Madam, hii ilikuwa ya mama mmoja mwalimu. Shule na kanisa, kanisa na shule. Hakuna mahali pengine imeenda."

Ulifungua buti, ukainua zulia, ukatoa gurudumu la spea, ukapitisha kidole kwenye kona ya chini kabisa. Kidole kikatoka na matope mepesi, yale laini kama unga.

"Na huyu mwalimu," ukamwambia, "alikuwa anaenda shule kwa kuogelea?"

Muuzaji akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Msichana, wewe ni fundi ama ni polisi?"

"Mimi ni mpwa wa mwenye pesa."

Mjomba wako akanishika mkono. "Twende, twende, kabla hajatuuzia na samaki waliobaki ndani."

Alicheka njia nzima. Mimi nilitazama nje ya dirisha, mashamba ya chai yakipita. Nilikuwa nimekufundisha kupapasa zulia kujua kama kuna unyevu. Sikukufundisha kutoa gurudumu la spea. Hilo ulilifikiria mwenyewe. Sijui kama mzazi anaweza kupewa furaha kubwa kuliko kuona mtoto wake akipita pale alipomfikisha.

Basi nikupe machache niliyobaki nayo, uchukue unayotaka na mengine uyaache.

Gari la mkono wa pili usilisikilize habari zake kabla hujalishika boneti. Ikiwa boneti ni ya moto na wewe ndiyo kwanza umefika, mwenyewe ameliwasha mapema kwa sababu asubuhi lina kikohozi ambacho hataki ukisikie. Rudi kesho bila kumwambia. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini; funga kifuniko, sema asante, nenda zako. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, lakini mpira wa pedali ya breki hauwezi. Mguu wa mtu umeukanyaga kila siku, na mguu haujui kudanganya. Hayo unayajua. Jambo ambalo huenda hujui ni kwamba wengi wa wauzaji hawa si wabaya. Walidanganywa na aliyewauzia, nao wanapitisha uongo kama walivyoupokea. Ukimkuta mmoja, mwonyeshe kasoro kwanza kabla ya kumwonyesha hasira. Mimi nilianza na hasira kila mara, na nilipoteza marafiki wawili wazuri waliokuwa hawajui gari lao liligongwa.

Kuhusu magari ya zamani nina maneno makali zaidi. Siku hizi kijana akipata mkweche uliolala kwenye nyasi, anaupiga picha na kuuita klasiki. Kuzeeka peke yake si sifa. Hata mkebe wa maziwa huzeeka. Gari huwa klasiki kwa sababu kila lilipoharibika kulikuwa na mtu aliyeamua kulitengeneza tena, akalala chini yake siku ya baridi, akapakwa oili usoni, akarudi tena. Ukiliona gari kuukuu linalotembea vizuri, unamtazama mtu huyo hata kama humwoni. Ndiyo maana siwapendi wanaoyanunua na kuyafungia chini ya turubai. Gari lisilotembea huharibika mipira, huharibika breki, na panya huzaa kwenye viti.

Na hapa kuna ungamo litakalokufurahisha. Nilikosea kuhusu Probox.

Kwa miaka mingi niliiita kabati yenye magurudumu. Njoroge wa duka la spea alikuwa nayo, nami sikukosa neno la kumwambia kila nilipomkuta anapakia betri na matairi. Kisha ikaja ile siku nilipoanguka kwenye majani chai, wewe ukiwa chuoni Kabianga, na Pijo ikiwa haina rejeta. Njoroge ndiye aliyenibeba. Alinilaza nyuma katikati ya maboksi, akanipeleka hadi hospitali ya misheni Kaplong mvua ikinyesha, barabara ya udongo imekuwa kama sabuni. Nilikuwa mgonjwa sana, lakini si kiasi cha kutosikia injini nzuri. Haikulalamika hata mara moja. Kwenye ule mteremko ambapo magari makubwa yalikuwa yamelala mtaroni, alishuka kwa gia ya pili bila kugusa breki, polepole, kama mama anayeshuka na mtungi. Nikamwambia kutoka kule nyuma, "Njoroge, samahani kwa yote niliyosema kuhusu gari lako."

Akasema, "Mwalimu, sasa najua unakufa kweli."

Sikuwahi kukuambia hayo. Niliona aibu.

Sasa Pijo. Unajua nilivyoinunua, kwa hiyo nitapita haraka. Wanawake hapa kwetu hawakuwa na magari. Walikuwa na waume wenye magari. Nilipokuja na Pijo 504 ya viti vya safu tatu, nikiendesha mwenyewe na baba yako kando yangu, mzee mmoja alisimama kando ya barabara akamuuliza, "Huyo anakupeleka wapi?" Baba yako akajibu, "Popote anapotaka, mzee. Mimi sijui hata kuiwasha." Na ilikuwa kweli. Alikufa bila kujua kuendesha, na hakuwahi kuona aibu juu ya hilo. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya nimpende.

Lakini kuna jambo nilimfanyia. Umekua ukisikia nikisema kwamba sakafu ya Pijo ililiwa na kutu kwa sababu baba yako alikuwa akijaza magunia ya majani mabichi ya chai nyuma, yakiwa bado yanadondoka maji ya mvua, kuyapeleka kituo cha kuuzia. Nililisema kwa mzaha mezani, nililisema mbele ya wageni, nililisema hata alipokuwa mgonjwa. Yeye alicheka tu na kusema, "Haya, mimi ndiye kutu."

Haikuwa yeye. Ilikuwa mimi. Gari lilipokuwa bado jipya machoni pangu, niliogopa matope yetu haya mekundu, nikanunua mkebe wa lami na kuipaka chini yote kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, hadi hakuna bati lililoonekana. Nilijiona mwerevu sana. Wengi hapa walifanya hivyo, kila mwenye gari alikuwa na mkebe wake wa lami, kwa sababu kila mmoja aliogopa mvua inayotoka nje. Hakuna aliyefikiria ile iliyokwisha kuingia. Maji yalikaa kati ya lami na bati, hayana pa kutokea, yakala polepole mahali ambapo jicho halifiki. Kama ningeliacha gari lipigwe na mvua na kukauka na jua kama magari mengine, lingekuwa na sakafu yake hadi leo.

Ulipolikata bati lile la sakafu kwa msumeno, nilikuwa nimeketi mlangoni kwenye kiti changu. Nilikuona ukitoa kipande, ukikigeuza. Lami nje, kutu ndani, na kwenye lami alama za brashi. Ulizitazama muda mrefu. Magunia ya majani hayana brashi. Kisha ukakitupa kipande kile kwenye rundo la vyuma, ukageuka ukaniambia, "Baba alikuwa anapenda majani sana, eh?" Ukacheka, ukarudi kazini.

Ulijua, Cherop. Nami nilijua kwamba umejua. Ulimwacha mama yako mzee abaki na uongo wake kwa sababu uliona hana nguvu ya kupoteza hata huo. Nimekuwa nikijivunia mikono yako, lakini siku ile nilijivunia moyo wako zaidi. Hata hivyo nauchukua uongo ule sasa na kuuweka chini. Ukienda kaburini kwake siku moja, mwambie haikuwa yeye. Mimi nitajaribu kumwambia mwenyewe.

Na la pili ni gumu zaidi, kwa hiyo nilipumzika kabla ya kuliandika.

Ulipomaliza masomo, gereji moja ya Nairobi ilikuita. Ulikuwa umeshapanga nguo. Ndipo nikapata kizunguzungu, nikalala siku mbili, nawe ukatoa nguo begini. Kizunguzungu kilikuwepo. Lakini hakikuwa kikubwa vile. Ningeweza kuamka siku ile ile jioni. Nilibaki kitandani nikisikiliza unavyofungua kabati na kurudisha nguo, na sikukuzuia. Nilijiambia nakukinga na Nairobi. Nilikuwa nakupaka lami.

Wakati ule nilikuwa mzima nikajifanya mgonjwa ili ubaki. Sasa ni mgonjwa kweli na nataka uende. Kwa hiyo sitaki tena kukuficha kitu. Nilikuambia daktari wa Kaplong amesema nikimeza dawa vizuri nitafika mbali. Hakusema hivyo. Nilimuuliza kama nipande mahindi msimu huu, akatabasamu kwa huzuni akasema, "Mwalimu, acha wengine wapande." Moyo umechoka na maji yanapanda miguuni, umeyaona mwenyewe. Sidhani utanikuta utakaporudi likizo ya kwanza. Nimekuandikia hivyo kwa wino kwa sababu ukisikia kwa mdomo utanibembeleza nibadilishe maneno, nami nitabadilisha.

Utasema, hiyo ndiyo sababu ya kubaki. Nakuomba uione kama ninavyoiona mimi. Ukibaki, utakaa hapa ukinitazama nikipumua, na mimi nitakaa nikikutazama ukingoja. Ukienda, nitakaa kwenye kiti hiki, nitamwambia kila anayepita na majani yake kwamba binti yangu yuko Mombasa, magari yanashuka kutoka kwenye meli makubwa kwa madogo, na hakuna hata moja linalotoka bila yeye kuliinamia. Nipe muda wa kusema hivyo nikiwa hai. Chebet atanipikia, atanigeuza, atanigombeza. Anafanya hayo vizuri kuliko wewe, kwa sababu wewe hujui kunigombeza.

Sasa utauliza, Pijo iko wapi?

Unakumbuka nilivyokusimulia habari za babu yako na ng'ombe wake. Hakuwaweka wote boma moja. Aliwapeleka wengine kwa rafiki zake, mmoja Sotik, mwingine upande wa Bomet; hiyo ndiyo kimanagan. Rafiki anamlisha, anamkamua, maziwa ni yake na watoto wake. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja, mali yote haifi. Na mwenye ng'ombe anaweza kusafiri, kwa sababu ng'ombe wake wana mtu.

Leo, ulipokuwa Sosiot, nilimwita Njoroge. Alikuja amevaa koti la kanisani, akidhani nimezidiwa. Nikamwonyesha Pijo.

"Mwalimu, unaniuzia?"

"Sikuuzii. Ni ya Cherop. Nakupa kimanagan."

Akavua kofia. Baba yake alitoka Nyeri, wao si Wakipsigis kama sisi, lakini yeye amezaliwa na kuzeekea hapa, na neno lile analijua vizuri. "Mimi nichunge ng'ombe wa Wakipsigis? Jamaa zangu wakisikia watasema nimepotea kabisa."

"Waambie umepewa cheo."

"Na maziwa yake ni nini?"

"Umalize breki na viti, kisha harusi zote utakazoipeleka ni zako. Jumapili uende nayo kanisani. Lakini itembee. Nikisikia umeiweka chini ya turubai, nitarudi kukutafuta hata nikiwa nimezikwa."

"Na ikifia kwangu?"

"Ng'ombe akifa kimanagan, mchungaji humletea mwenyewe ngozi."

"Pijo ina ngozi gani, Mwalimu?"

"Usukani."

Tulicheka mpaka Chebet akatoka jikoni kuona nani anakohoa. Kisha Njoroge akawa mzito ghafla. Akazunguka gari lote mkono ukiwa juu ya bati, akainama kutazama sakafu uliyoichomelea, akakaa ameinama muda mrefu. Akauliza, "Hii ni kazi ya msichana wetu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hakuna lami." Nikasema, "Hakuna. Amepaka rangi nyepesi tu, na ameacha matundu ya maji kutoka." Akatikisa kichwa, akaingia, akaiwasha. Iliwaka mara moja, kwenye baridi hii, bila kusukumwa. Kuna kiti cha dereva pekee ndani, kwa hiyo alionekana kama mtu aliyeketi ukumbini peke yake. Alikwenda polepole kwa breki za mbele tu, na alipofika langoni alipiga honi, nami nilisimama hadi sikuisikia tena. Nilisimama mwenyewe, bila fimbo. Muulize Chebet.

Kwa hiyo hakuna breki zinazokungoja bandani. Kuna begi lako, na kuna basi la asubuhi. Ukiamua kubaki, utakuwa unabaki kwa ajili yangu peke yangu, na mimi nimeshasema ninachotaka. Ukija chumbani sasa, njoo ukiwa umekasirika ukitaka. Hasira yako naiweza. Usije tu na ile sauti ya kuuliza kama nimekunywa dawa.

Kutakuwa na simu, mwanangu. Chebet ndiye atakayepiga. Huenda utakuwa kazini, mikono ina oili, boneti iko wazi, na kuna mtu asiyekujua huko mbali anayetegemea utamwambia ukweli kuhusu gari hilo. Usiliache nusu. Lizunguke mpaka mwisho, inua zulia, toa gurudumu la spea, andika ulichokiona. Funga boneti. Nawa mikono. Kisha uje nyumbani unizike.

Mama yako.